Kabla ya Kupunguzwa Tumbo: Maandalizi ya Kovu

Anayetaka kupunguzwa tumbo, yaani kukatwa ngozi ya tumbo iliyolegea, huuliza bei, kisha huuliza maumivu. Kovu halimjii akilini mpaka bandeji itolewe. Nami sikuuliza. Wiki ya tatu nilisimama mbele ya kioo chumbani kwangu Kisauni, Mombasa, nikalipima kwa mkono: kutoka nyonga hadi nyonga, shubiri mbili na vidole vitatu. Halafu kuna jingine, la mviringo, limekizunguka kitovu. Hilo ndilo lililonishtua, maana sikujua kwamba ngozi ikivutwa chini, kitovu hubaki mahali pake na hukatiwa tundu jipya kitokeze.

Kwa hiyo siku ya kumwona daktari nenda umevaa chupi yako ya kila siku, umwombe akuchoree mstari ukiwa umesimama. Mara nyingi mkato hupita chini kabisa, juu kidogo ya kinena, lakini kama ngozi ya kuvuta haitoshi, mstari hupanda. Ikiwa ulizaa kwa upasuaji, uliza kama kovu lile la zamani litaondoka pamoja na ngozi inayokatwa. Uliza pia kama atashona misuli ya katikati iliyoachana kwa mimba, kwani hiyo ndiyo itakayokukataza kubeba mtoto na ndoo kwa wiki nyingi.

Halafu jikague. Shika ndewe za masikio palipotobolewa, tazama alama ya chanjo mkononi, tazama chunusi za zamani kifuani na mabegani. Kuna kovu linalonenepa lakini likabaki ndani ya mipaka ya kidonda; hilo aghalabu hutulia lenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Na kuna keloidi, ambayo huvuka mpaka ikatambaa kwenye ngozi isiyo na kidonda, huwasha, na ikikatwa peke yake bila matibabu mengine mara nyingi hurudi. Sisi wenye ngozi nyeusi huipata zaidi, na hutembea katika familia. Chini ya tumbo haipendi kuota kama inavyopenda sikio na kifua, ila hilo si dhamana. Kama dada yako ana uvimbe wa keloidi sikioni, mwambie daktari kabla, hata asipokuuliza. Si lazima akukatalie. Huenda akapanga kukufuatilia kwa karibu zaidi, na kovu likianza kuinuka akalichoma sindano ya steroidi mapema kabla halijawa gumu.

Kuhusu tumbaku sitazunguka. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya tumbo iliyovutwa huishi kwa mishipa hiyohiyo. Mvutaji anaweza kufa ngozi katikati ya mshono, na kidonda cha namna hiyo huacha kovu pana ambalo krimu haitalifuta. Madaktari wengi hutaka angalau wiki nne bila tumbaku kabla na wiki nne baada. Shisha nayo ni tumbaku, hata iwe na harufu ya tufaha. Miraa na muguka mtajie daktari wa nusukaputi bila haya, kwani huchezea mapigo ya moyo na presha. Mtajie na aspirini, habasoda, na vidonge vya kitunguu saumu, akwambie kipi usimamishe na lini.

Na mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi ndani, nyingine zina zebaki, na ngozi iliyopakwa steroidi miaka mingi huwa nyembamba na nzito kupona. Kama ulikuwa unapaka hadi tumboni, sema. Mwenye sukari aende na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, si cha asubuhi ile tu, na mwenye damu pungufu aijenge kwanza. Uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa. Kama bado unapanga kuzaa, subiri: mimba italivuta kovu lote upya.

Watu wa hapa tuna jambo moja ambalo wa bara hawalifikirii: joto. Utavaa mkanda wa kubana mchana na usiku kwa wiki sita hivi. Kaskazi ikiwa imekaa, Januari mpaka Machi, jasho hutiririka chini ya mkanda, ngozi hulowa, na vipele hutoka kando ya mshono. Mimi ningesubiri kusi, Juni hadi Agosti, upepo unapopoza mji. Nunua mikanda miwili, mmoja ukifuliwa mwingine uko mwilini. Usipange karibu na Ramadhani kama unataka kufunga, maana kidonda kinataka maji, protini na dawa kwa saa zake. Na kama kuna harusi ya nyumbani, acha ipite, singo na ngoma zake zote. Hata piko nyeusi kwenye kucha iache kwanza, kwa sababu kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinaweza kusoma vibaya.

Daktari mwenyewe mtafute katika rejista ya Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno la Kenya, KMPDC. Iko mtandaoni, ni dakika mbili. Angalia usajili wa hospitali pia, na uulize ni nani atakayekuona siku ya kutoa nyuzi. Bima kwa kawaida hailipii upasuaji wa urembo, basi weka akiba ya marudio, si ya siku ya kisu tu. Wanaokwenda kufanyiwa Nairobi wasikate tiketi ya treni ya kurudi siku ya pili. Kukaa kitini saa tano na zaidi ukiwa mbichi hukaribisha damu kuganda miguuni. Kaa huko mpaka mirija itoke na daktari aseme ndiyo.

Mirija yenyewe: mipira miwili myembamba inayotoka karibu na kinena, kila mmoja na kichupa chake, hutoa majimaji yasijikusanye chini ya ngozi. Nilitundika kalenda bafuni nikaandika kila asubuhi, upande wa kulia na wa kushoto: 90, 70, 45. Kwa kawaida hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku, lakini kila daktari ana kiwango chake. Tafuta kikombe cha kupimia mapema, kiwe cha kazi hiyo tu.

Nyumba nayo itengeneze kabla hujaondoka. Wiki ya kwanza hata ya pili utatembea umeinama, na ni sawa, kwani ukijinyoosha kwa nguvu unavuta mshono, na mshono uliovutwa huponea kwa kovu pana. Panga mito ulale mgongo umeinuka na magoti yamekunjwa. Choo cha kuchuchumaa hakitakufaa. Azima kiti cha choo. Sala utaswalia kitini. Jaza maji safi ya bomba kwenye mitungi, kwa sababu siku ambayo bomba litakauka itakuwa siku ile ya kuoga mara ya kwanza, na maji ya kisima ya chumvi si ya kuoshea mshono mbichi.

Mwandae na atakayekuuguza. Mimi alikuja mamkubwa.

“Shikamoo mamkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Lala nikukande, maji yako motoni. Na mkaja nimekuja nao.”

Amewakanda wazazi nusu ya mtaa, huwezi kumlaumu. Lakini ngozi iliyokatwa haina hisia kwa miezi, ukiunguzwa hujui, na mkaja, kile kitambaa cha kumfunga tumbo mzazi, ukikazwa ovyo hukata damu au huacha mkunjo. Nilimwomba mdogo wangu aongee naye. Akakubali kunipikia uji na mchuzi wa samaki, mkaja akaurudisha kapuni.

Vya kununua kwa ajili ya kovu lenyewe ni vichache. Jeli au karatasi ya silikoni, ianze kidonda kikiwa kimefunga kabisa, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu. Karatasi hukaa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili mitatu. Kukanda kovu kwa kidole kunangoja ruhusa ya daktari. Mafuta ya nazi yatalainisha ngozi iliyofunga, basi. Vidonge vya vitamini E vya kupasua na kupaka huwatoa baadhi ya watu vipele. Wanaoogelea Nyali au Shanzu wafunike kovu na jua mwaka wa kwanza, au wapake kinga ya SPF 30 kwenda juu, maana jua hulipiga weusi unaokawia kutoka.

Jua pia kwamba mwezi wa pili na wa tatu kovu huonekana baya kuliko wiki ya kwanza: gumu, jeusi, linawasha. Hapo ndipo wengi hukimbilia mkorogo. Ndani, nyuzinyuzi bado zinajipanga. Baada ya miezi mitatu kovu huwa limefikia takriban asilimia 80 ya uimara wa ngozi ya mwanzo, na zaidi ya hapo haliendi. Basi usijitwishe: jerikeni la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Mwombe kijana wa mkokoteni akupandishie.

La mwisho kuandaa ni usiku. Andika ukutani namba ya daktari na ya dereva wa tuktuk anayepokea simu saa nane. Homa, usaha, ngozi kuwa nyeusi kando ya mshono, tumbo kuvimba ghafla, usisubiri asubuhi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, usianze hata kumtafuta daktari wako, nenda hospitali iliyo karibu. Na kama unakaa ng'ambo ya Likoni, jua kabla ni hospitali ipi utakwenda bila kungoja feri.