Modemu inakataa kufunguka: mpe mhudumu kundi, usimpe neno la siri la root

Tuseme duka la kuchapa na kufotokopi hapa Birere, Goma: mashine moja ya Debian (aina ya Linux), wahudumu watatu kwa zamu. Modemu ya USB imechomekwa, lakini mhudumu mpya, Furaha, akiifungua kwa minicom (programu ya kuzungumza na modemu) anajibiwa «Permission denied». Modemu ni nzima. Tazama:

ls -l /dev/ttyUSB0
crw-rw---- 1 root dialout 188, 0

Root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, anasoma na kuandika, kundi la dialout vilevile, wengine hawagusi. Mtumiaji aliyeundwa kwa amri ya adduser haingizwi dialout moja kwa moja. Mwingize (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya root):

sudo adduser furaha dialout

Wengi hutumia usermod -aG dialout furaha, nayo ni sawa, ila hiyo «a» ndiyo imetesa watu. Ukiisahau, -G hufuta makundi yote ya ziada na kubakiza hilo ulilotaja. Ukijikosea hivyo wewe mwenye sudo, utajikuta nje ya sudo, na kama huna neno la siri la root, njia ya kurudi mara nyingi ni kuwasha mashine upya na kuingia kama root kupitia GRUB, programu inayoanzisha mfumo. Ndiyo maana tunapendelea adduser.

Bado modemu inakataa? Makundi husomwa wakati wa kuingia. «id furaha» itaonyesha dialout, lakini Furaha akiandika «id» tupu kwenye kikao chake cha zamani haitakuwepo. Kufunga terminali hakutoshi. Atoke kabisa kwenye akaunti, aingie upya. Mwenye haraka aandike newgrp dialout, itafaa ndani ya terminali hiyo tu.

Kuna wanaokimbilia chmod 666, yaani kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika. Inafanya kazi mpaka modemu ichomolewe au umeme ukatike, na hapa kwetu hiyo si mbali: kifaa kikirudi, udev, sehemu ya mfumo inayosimamia vifaa, hukiunda upya na ruhusa zake za mwanzo. Tena modemu yenyewe inaweza kurudi kama ttyUSB1. Tumia majina yaliyo ndani ya /dev/serial/by-id/, hayo hayahamihami.

Kwa printa, kuchapa tu hakuhitaji kundi. Kundi la lpadmin ni la anayeongeza na kufuta printa. Kundi la disk usimpe mhudumu yeyote: mwenye nalo anasoma diski nzima, akiruka ruhusa zote za mafaili.

Kwenye Arch, aina nyingine ya Linux, kundi la modemu ni uucp, si dialout.

Ikiwa jibu ni «Device or resource busy», basi ruhusa ipo na mara nyingi ModemManager, huduma ya mfumo inayoendesha modemu, ndiye ameishika. Msimamishe kwa sudo systemctl stop ModemManager, ukijua kwamba intaneti inayopitia modemu hiyo itakatika pia.