Kisu cha kuparia samaki, chagua hivi

Jamani ukienda kununua kisu pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, usidanganyike na kung'aa, angalia mpini kwanza, chuma kiwe kimepita mpaka mwisho na kimeshikwa na ribiti (vile vipini vya chuma vinavyobana mpini), maana vile vya plastiki vilivyochomekwa kidogo tu vinachomoka ukishabana kichwa cha sangara. Kikunje kidogo, kikibaki kimepinda achana nacho. Na samaki aliyeganda kwenye friza usimpindishie kisu ndani, ncha inakatika hapohapo! Ikikatika usikitupe kisu, mpelekee fundi wa kunoa aisage kutokea mgongoni sio kwenye makali, ila awe anachovya maji kila mara, chuma kikigeuka bluu hapo kimeshalainika, hakishiki makali tena. Ufa ukiingia kwenye bapa, nunua kingine tu.