Namna ya Kusoma Kumbukumbu za Matthew Perry katika Kikundi cha Familia mjini Moshi

Kitabu cha kumbukumbu alichokitoa mwigizaji Matthew Perry mwezi Novemba 2022 kimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi waliokinunua walimpenda kwanza katika tamthilia ya Friends, iliyorushwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1994 hadi 2004. Mwongozo huu unawakusudia wasomaji wa namna nyingine, yaani wazazi, wenzi na ndugu wanaokutana mjini Moshi au katika vijiji vya migombani, ambao nyumbani mwao kuna mtu anayehangaika na pombe au dawa za kulevya. Baadhi yao hawajawahi kumwona mwigizaji huyo kwenye runinga, na hilo ni faida, kwa sababu asiyemtafuta nyota huuona ugonjwa mapema.

Mteueni mtu mmoja anayekimudu Kiingereza, aipitie kila sura nyumbani, kisha aisimulie kwa Kiswahili huku akisoma kwa sauti vipande vichache tu. Habari za wapenzi wake mashuhuri aziruke bila huruma, maana zina utamu lakini zitawamalizia jioni. Aanzie pale kitabu chenyewe kinapoanzia, hospitalini, ambako Perry alifikishwa mwaka 2018 baada ya utumbo mpana kupasuka kwa sababu ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni, akalala wiki mbili bila fahamu, na familia yake ikaambiwa kwamba uwezekano wa yeye kupona ulikuwa asilimia 2.

Mtakapofika mahali anapoeleza kwamba kuna kipindi alimeza vidonge 55 vya Vicodin, dawa ya maumivu ya jamii hiyo ya afyuni, kwa siku, simameni. Hesabuni maharage 55 na kuyamwaga mezani, kwa kuwa namba iliyotamkwa tu hupita sikioni kama bei ya kitu cha nchi nyingine. Kisha tengeni harage moja. Hilo ni kidonge alichopewa na daktari baada ya kuumia kwenye chombo cha kuteleza majini, siku za kutengeneza filamu, na kilitolewa kihalali kwa mtu mwenye maumivu ya kweli. Safari ya kutoka harage hilo moja hadi rundo zima ndiyo inayostahili muda wenu, hata ikiwagharimu vikao viwili. Andikeni katika daftari ni nani aliyetambua, alitambua kwa dalili gani, na alijibiwa nini alipouliza. Perry anasema kwamba hali yake ilisomeka hata mwilini: alinenepa wakati wa pombe na kukonda wakati wa vidonge, mbele ya mamilioni ya watazamaji. Ulizaneni ni dalili zipi ambazo nyumbani kwenu zilionekana na kila mtu zikapewa jina jingine.

Sura za umaarufu zisomwe kwa swali moja. Kabla ya kuajiriwa katika tamthilia hiyo, Perry aliomba kwamba Mungu amfanyie lolote alitakalo mradi tu awe maarufu, na wiki chache baadaye ombi likajibiwa. Katika misimu miwili ya mwisho alilipwa dola milioni 1 kwa kila kipindi. Waulizeni waliohudhuria ni mara ngapi wamesema “akipata kazi atatulia” au “akioa ataacha.” Huyu aliipata kazi, akapata fedha na marafiki wasiomwacha, akatumia mamilioni ya dola kutafuta nafuu, na bado akarudia.

Hapa Kilimanjaro mazungumzo yatafika kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na mtu atasema kwamba hiyo ni chakula. Msibishane naye. Mbege hunywewa katika kundi, kata ikipita mkono hadi mkono, ilhali Perry anasimulia unywaji wa chumbani peke yake. Mwulizeni tu kama anamfahamu mtu anayekunywa kwanza gongo nyumbani ndipo aende kuungana na wenzake.

Kuna onyo moja lisilopaswa kusubiri kikao. Familia iliyoguswa na kitabu huweza kurudi nyumbani na kumfungia kijana chumbani ili aache siku hiyohiyo. Mnywaji mzito anayekatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, hivyo arosto ya namna hiyo isimamiwe na wahudumu wa afya, iwe Mawenzi, KCMC au hospitali iliyo karibu.

Kitabu kinamalizika kwa matumaini, na msomaji wenu asiyapunguze. Akikifunga, awaeleze kwamba mwandishi alifariki tarehe 28 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka 54, kutokana hasa na athari za ketamine, dawa ya usingizi. Acheni kimya kikae kidogo. Ikiwa katika kikundi yupo anayejitahidi kuacha, asiombwe kusimama kutoa ushuhuda. Akitaka kusema, mara nyingi atasema baadaye, wakati wa kuosha vikombe, kwa mtu mmoja.