Programu ya ulinzi ikikataa cheti cha konsoli

Programu ya ulinzi huwasiliana na konsoli (seva inayoisimamia) na hukagua cheti chake, yaani kitambulisho chake cha kidijitali. Ikikikataa, anza na saa ya kompyuta. Goma umeme hukatika ovyo, na betri ya CR2032 (ile ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta) ikiwa imekufa, mashine huwaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Cheti huonekana hakijaanza kutumika. Badilisha betri, weka saa za Goma, UTC+2 (Kinshasa ni UTC+1, msichanganye), jaribu tena.

Bado? Fungua anwani ya konsoli kwenye kivinjari, soma cheti kimetolewa na nani. Ukikuta jina la fayawoli (kizuizi cha mtandao) ya ofisi, ndiyo inayofungua mawasiliano katikati na kuweka cheti chake: iagize isikague anwani za konsoli, poti 443. Kuzima ukaguzi wa vyeti si dawa, hata kwa dakika 5.

Windows ya zamani huenda inakosa cheti mzizi (cha mtoaji, kinachothibitisha cheti cha konsoli). Kiingize kwa certlm.msc (dirisha la vyeti vya kompyuta). Windows 7 haina hiyo, tumia mmc: ongeza Certificates, chagua akaunti ya kompyuta.