Kabla ya Kurudi Likizo Kilimanjaro: Mambo ya Kuzingatia kwa Mmisionari Aliye Ujerumani

Desemba Mchaga anarudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar yanajaa, na vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vya Machame, Marangu na Rombo vinapokea watu ambao hawajaonana mwaka mzima. Mchungaji aliyetumwa na dayosisi yake kuhudumu Ujerumani hayumo kwenye msafara huo. Krismasi ndiyo wakati ambao usharika wake wa huko unamhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Tarehe 24 ibada hufuatana kuanzia mchana hadi usiku, na hata angepewa ruhusa, shule za watoto hufungwa kwa wiki mbili tu hivi. Kwa hiyo wengi wetu wenye watoto wa shule tunarudi Julai au Agosti, na ukishaikubali miezi hiyo, mambo mengine mengi yanaamuliwa nayo.

Anza na kalenda ya shule ya jimbo unaloishi. Ujerumani mahudhurio ya shule ni sheria. Kumtoa mtoto siku tatu kabla ya kufunga ili upate tiketi ya bei nafuu kunaweza kukuletea faini, na baadhi ya viwanja vya ndege polisi huwauliza wazazi waziwazi. Likizo ya kiangazi ni wiki sita hivi, lakini kila jimbo lina tarehe zake. Ukishazijua, kata tiketi mapema, kwa sababu ndege zinazotua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kupitia Amsterdam, Doha au Addis Ababa hujaa watalii wa mlima na wa Serengeti msimu huohuo. Upande wa nyumbani nako kuna jambo wazazi wengi hulisahau: Julai shule za Tanzania zinafungua muhula wa pili. Binamu ambao watoto wako wamewaota mwaka mzima watakuwa darasani, na wengine bweni. Uliza mapema siku za wazazi kutembelea shule hizo, uziweke kwenye ratiba.

Nyaraka zisichukue muda wako mwingi, ila zisiachwe hadi wiki ya mwisho. Angalia pasipoti ya kila mtu, hasa za watoto, na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, kwamba vyote vitakuwa hai siku ya kurudi pamoja na miezi kadhaa ya ziada. Kupata pasipoti mpya kupitia ubalozi wetu Berlin kunahitaji subira. Ukipanga kukaa nyumbani muda mrefu, kumbuka kwamba kwa kawaida kibali cha Ujerumani hupoteza nguvu ukikaa nje zaidi ya miezi sita bila kupata idhini kabla ya kuondoka. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya ridhaa ya mwenzake na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kama mwenzi wako ni raia wa huko, aombe viza mtandaoni kabla ya safari. Na laini yako ya simu ya Tanzania isiache kutumika: laini iliyolala muda mrefu hufungwa, na kusajili nyingine kunadai namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole, jambo la kuchosha siku ya kwanza ukiwa na watoto wenye usingizi.

Afya nataka uizingatie kwa uzito. Bima ya afya ya lazima ya Ujerumani haikulipii matibabu Tanzania, kwa hiyo kata bima ya safari kwa familia nzima na usome inaishia siku ya ngapi, maana nyingi zina kikomo cha wiki kadhaa. Wengi wetu hujiambia kwamba tumekulia nyumbani, malaria tunaijua. Kinga kidogo ambayo mtu huipata kwa kuishi penye malaria hupungua akikaa nje kwa miaka, na mtoto aliyezaliwa Leipzig hana kabisa. Huko juu Machame mbu ni wachache, lakini mtashuka Moshi mjini, mtakwenda Kahe kwa shangazi, pengine mtalala Dar. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya safari wiki sita au nane kabla, jadilianeni kuhusu dawa ya kinga na chanjo, na mubebe vyandarua vyenu. Mkisharudi Ujerumani, homa yoyote ndani ya miezi michache inayofuata ichukuliwe kuwa malaria hadi kipimo kikatae. Mwambie daktari mapema kwamba mmetoka Tanzania. Daktari wa mji mdogo wa jimbo la Sachsen, ambaye hajaona malaria tangu aanze kazi, anaweza kudhani ni mafua.

Fungasha masweta. Watoto wanaosoma Ujerumani wameambiwa Afrika ni joto, na Julai kwenye migomba ya Machame ukungu unashuka hadi mlangoni, mvua ya manyunyu inakaa siku nzima na nguo hazikauki. Mlima wenyewe unaweza usionekane kwa siku kadhaa. Waambieni hivyo kabla, wasije wakaona wamedanganywa.

Kuhusu watoto, kazi kubwa ifanyike nyumbani kwenu huko Ujerumani, miezi mitatu au minne kabla, na si ndani ya ndege. Mtoto anayeongea Kijerumani kutwa anaweza kuelewa Kiswahili chote na bado asitoe neno mbele ya bibi yake. Pigeni simu ya video kila Jumapili, na mtoto ndiye aanze: "Shikamoo bibi." Mfundisheni kupokea kitu kwa mikono miwili, kumwita baba mdogo na mama mkubwa kwa cheo chake, na kusalimia kila mtu aliye chumbani kabla ya kukaa. Nimemwona mtoto wa miaka saba akiingia sebuleni kwa babu yake, mkono mmoja mfukoni, akasema "Hallo" na kwenda moja kwa moja kwenye simu yake. Babu alicheka. Shangazi hakucheka, na mama wa mtoto alikaa wiki nzima akieleza kwamba mwanawe ana adabu. Mtoto hakukosea kwa yale aliyofundishwa shuleni kwake. Hakuwa ameambiwa tu. Vilevile ndugu wa nyumbani waambiwe mapema kwamba mtoto huyu akikataa mtori, supu yetu ya ndizi, siku ya kwanza hana dharau, na kwamba kucheka lafudhi yake kunaweza kumfunga mdomo hadi siku ya kuondoka.

Sasa ratiba, na hapa ndipo likizo nyingi za wamisionari huharibikia. Kanisa lililokutuma lina haki ya kukuona. Dayosisi itataka taarifa, mkuu wa jimbo la kanisa atakuita, usharika uliokulea utataka uhubiri, na sharika jirani zitauliza kwa nini hazikutembelewa. Yote ni upendo, na yote ni kazi. Wakati huohuo mama yako ana miaka zaidi ya themanini na amekuwa akihesabu miezi. Mara nyingi mchungaji hutumia Jumapili zote na nusu ya siku za katikati kwenye mimbari za watu, na mama yake anamwona usiku akiwa amechoka. Mimi nasema bila kusita: siku kumi za kwanza ni za wazazi. Andika barua kwa ofisi ya dayosisi miezi mitatu kabla, taja tarehe utakazopatikana kwa kazi na tarehe ambazo hutapatikana, uombe majibu kwa maandishi. Maaskofu wengi wanaelewa likiletwa mapema na kwa heshima. Kinacholeta maudhi ni kukataa mwaliko ukiwa umeshafika, watu wameshatangaza na mbuzi ameshachaguliwa.

Wamisionari Wajerumani wa shirika la Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 waliandika taarifa ndefu kwa waliowatuma, na likizo yao ya kwenda kwao ilianza na safari ndefu ya meli. Sisi tunafika kwa siku moja, roho ikiwa bado kwenye mikutano ya juma lililopita. Kwa sababu hiyo pia siku za kwanza zisiwe na mimbari.

Kabla ya kusafiri, kaa na ndugu yako kwa simu mwandike orodha ya waliofariki tangu ulipoondoka mara ya mwisho. Wote, hata jirani na mzee wa kanisa. Ulituma rambirambi kwa simu, lakini kwa watu wa kwetu hilo halijamaliza. Utakwenda nyumba kwa nyumba kutoa pole, utaonyeshwa kaburi kihambani, utasimuliwa ugonjwa tangu mwanzo, na utaomba pamoja nao. Tenga siku mbili au tatu kwa ajili ya hilo peke yake, na zianze kabla ya ziara za furaha. Kumkuta mjane sokoni umebeba mizigo ya shangwe kabla hujakanyaga kwake ni aibu ambayo maelezo hayaifuti. Ujiandae pia moyoni. Kilio ulichokisikia kwenye simu ukiwa stesheni ya treni kitakujia chote pale kaburini, na ni afadhali ulie hapo kuliko kukimbilia kuhubiri.

Fedha. Ndugu wanajua posho ya Ujerumani ikibadilishwa ni shilingi ngapi, ila hawaijui kodi ya nyumba wala gharama za kupasha nyumba joto Januari. Maombi yatakuja: ada, mchango wa harusi, matibabu, bati za kanisa, pikipiki ya mpwa. Mke na mume mkae kabla, mkubaliane kiasi chote cha safari kilichotengwa kwa ajili ya watu, mkigawe: wazazi kwanza, kisha mambo mawili au matatu makubwa ambayo mtayafanya kweli, na akiba ya dharura. Kila anayeomba asikie jibu lilelile kwa wote wawili. Kisha mueleze kaka mkubwa au shangazi anayesikilizwa, naye awafikishie wengine kabla ninyi hamjafika. Neno likipita kwa mkubwa linapokelewa. Likitoka kwako mlangoni linaitwa ubahili. Usiahidi chochote mbele ya watu kwa sababu ya furaha ya siku hiyo. Na badilisheni yuro benki au kwenye duka la fedha, maana tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Zawadi zisiwasumbue kupita kiasi. Kwa mzee, sukari, majani ya chai, mkate na nyama vilivyonunuliwa Moshi mjini vinamheshimu kama chochote cha Ulaya, mradi usiingie mikono mitupu. Nafasi ya begi iachieni vitu vyenye kazi: kipimo cha presha kwa baba, sweta nzito kwa mama.

Siku ya kusimama kanisani itafika, nawe utaulizwa kuhusu Wajerumani. Andaa maneno yako kabla. Ni rahisi kusema makanisa yao ni matupu, watu wakashika vichwa, na sadaka ikaongezeka. Ni kweli kwamba waumini wanapungua na kwamba Jumapili nyingine unahubiria watu ishirini. Lakini sema pia kuhusu kwaya inayofanya mazoezi kila juma, kuhusu wanaowatembelea wazee kwenye nyumba za kutunzwa, kuhusu bibi anayeliombea jimbo letu la kanisa la Hai kwa jina kila jioni kwa sababu usharika wake una urafiki nalo. Waliotutuma wanastahili taarifa ya kweli, na wanaotupokea hawastahili kusemwa wakiwa hawapo. Picha za watu wa usharika wa huko usizionyeshe bila idhini yao. Sheria za Ujerumani ni kali katika hilo, na hata bila sheria ni heshima.

Baada ya ibada kuna mnada. Beba noti ndogo ndogo, na waelezeni watoto kabla ya Jumapili hiyo. Trei ya mayai inanunuliwa, aliyeinunua anairudisha, inanadiwa tena, mwishowe inakabidhiwa kwa mgeni huku watu wakipiga makofi. Mtoto asiyejua atadhani watu wamekosea hesabu. Mtapewa pia kuku, mkungu wa ndizi, kahawa na asali. Kuku na mayai vibaki jikoni kwa bibi. Mnaporudi, nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria. Ndizi zinaruhusiwa, kahawa iliyokaangwa nayo, na asali haizidi kilo mbili kwa mtu.

Lipo la mwisho ambalo wengi hulikwepa hadi linapokuja lenyewe. Ukiwa bado Ujerumani, panga jioni moja ya kuzungumza na wazazi na ndugu zako kuhusu siku ambayo mzazi atafariki wewe ukiwa mbali. Wazee wa Kichaga wengi hawaogopi mazungumzo hayo. Anayeyaogopa ni mtoto. Waulize wao wenyewe: wanataka mazishi yakusubiri, na kwa siku ngapi? Nani atasimama kwa niaba yako usipofika? Ukipata ujumbe kwamba hali ni mbaya, uje wakati huo au usubiri? Baba mmoja anaweza kukwambia wazi kwamba anataka umwone akiwa hai, na maziko wakamilishe waliopo; mwingine atasema asizikwe hadi utakapofika. Ukijua, hutaamua peke yako saa tisa usiku ukiwa na simu mkononi. Rudi na jibu hilo, uwaeleze viongozi wako wa usharika wa Ujerumani na shirika linalokuajiri, uulize wanatoa siku ngapi za msiba na nani analipa tiketi. Kisha weka fedha ya tiketi moja ya ghafla kwenye akaunti yake yenyewe, isiguswe kwa likizo wala kwa michango, na hakikisha mwenzi wako anaweza kuitoa bila wewe.