Unakarabati bafu Dar? Jua lini unahitaji kibali na lini fundi aanze tu kazi

Fundi ukimuuliza kama kibali kinahitajika atakwambia "hamna haja bosi, hii ni kazi ya ndani tu". Na mara nyingi yuko sahihi, shida ni kwamba jibu lake ni hilohilo hata siku anayotaka kuvunja ukuta na kuchimba shimo jipya uani, maana yeye akimaliza analipwa anasepa, atakayeamka asubuhi akute X nyekundu na SIMAMISHA UJENZI kwenye ukuta ni wewe mwenye nyumba.

Kwaiyo usiangalie kazi itakula shilingi ngapi, angalia inagusa nini. Bafu la tailizi za kung'aa na shawa ya kioo linaweza kumeza mamilioni na lisihitaji kibali hata kimoja, afu kale kachoo ka tofali mia mbili unakotaka kujenga uani kwa ajili ya wapangaji ndio kanahitaji.

Kubandua tailizi na kuweka mpya, kutoa sinki la kuchuchumaa na kuweka la kukaa palepale lilipokuwa, kubadilisha koki, shawa, mlango, dari la jipsamu, kupiga rangi, hayo ni matengenezo ya kawaida, anza tu. Cha kuangalia ni kifusi, yani ukikimwaga barabarani au kwenye mtaro wa maji ya mvua utaletewa watu wa mazingira kabla hata tailizi hazijakauka. Na ukiweka hita ya maji, tumia fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, yani mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, sio yule aliyekuja kuchimbia bomba ambaye "na umeme anajua jua". Bafuni umeme na maji vinakaa pamoja, hapo hapana mchezo.

Sasa tuje kwenye kazi zinazohitaji kibali.

Ya kwanza ni ukuta. Watu wengi wanataka kuunganisha choo na bafu viwe chumba kimoja kikubwa, ukuta wa katikati utoke. Nyumba ya kawaida ya chini yenye bati, panda darini na tochi uangalie: kama kenchi, yani mbao zinazobeba paa, zimekalia ule ukuta, au mkanda wa zege umepita juu yake, ukuta huo umebeba mzigo na hautoki bila mtu anayejua mahesabu kusema zege gani na nondo gani zinachukua nafasi yake. Hapo unahitaji mchoro na kibali cha ukarabati. Hata kama hauoni kitu kimekalia, ukishaanza kuhamisha kuta umetoka kwenye matengenezo umeingia kwenye kubadilisha jengo, kauulize manispaa kwanza, swali halilipiwi.

Ya pili, kuongeza. Unataka chumba cha masta kiwe selfu, yani kiwe na choo na bafu lake, na ndani hakuna nafasi, kwaiyo fundi anasema tutoke nje mita mbili. Ukishachimba msingi, ukanyanyua kuta na kuweka paa, huo ni ujenzi kama ujenzi mwingine wowote. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka upate idhini kabla ya kuendeleza kiwanja kilicho kwenye eneo la mipango miji, haisemi bafu dogo limesamehewa. Na kwa viwanja vyetu vya Sinza au Tabata hizo mita mbili mara nyingi ndio ile nafasi unayotakiwa kuiacha kati yako na mpaka wa jirani. Dirisha la choo chako likitazama jiko la jirani, kesi itafika serikali ya mtaa kabla hujafikia lenta, na jirani ndiye anayepiga simu manispaa, tusidanganyane.

Ya tatu ndio watu hawaifikirii kabisa, maji taka. Kugeuza stoo kuwa choo hakuongezi hata tofali moja nje lakini kunaongeza mzigo kwenye karo, yani lile shimo la maji ya choo. Ukichimba karo jipya au shimo jipya la kunyonya, hiyo ni kazi ya kuombea ruhusa na afisa afya anahusika. Kama kuna kisima, chako au cha jirani, umbali unaotajwa sana na watu wa afya ni angalau mita 30, na kwa maeneo ambayo maji yapo juu, ukichimba kidogo tu unayakuta, shimo lililochimbwa kiangazi likiwa kavu linajaa lenyewe masika hata hamjaoga. Chimba kwa kuangalia maji ya masika. Ukiwa karibu na mto au bahari kuna jambo lingine, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwaiyo walio kando ya Msimbazi wasitegemee kibali cha karo jipya.

Walio kwenye mtandao wa maji taka, kama Upanga, Kariakoo na katikati ya jiji, kuunganisha bomba jipya ni mambo ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Usimruhusu fundi bomba atoboe chemba ya barabarani usiku. Na usiunganishe maji ya bati kwenye laini ya choo, ile laini haijatengenezwa kwa mvua, ndio maana masika chemba zinafunguka zenyewe na mtaa mzima unaogelea kwenye mnayoyajua.

Ya nne ni ghorofa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye hatari. Kwenye fleti unataka choo kihame kutoka kona hii kwenda ile. Bomba la inchi nne linahitaji mteremko, na chini yako kuna slabu, yani sakafu ya zege, chini ya slabu kuna mtu. Fundi ana njia mbili. Anaweza kutoboa slabu, akikutana na nondo anachukua grainda anakata, cheche zinaruka, dakika mbili kazi imeisha, na ile nondo ndiyo iliyokuwa inashika sakafu yako. Au ananyanyua sakafu ya bafu kwa zege ili bomba lipite ndani yake, inaonekana salama, lakini piga hesabu: zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, sentimita 15 kwenye bafu la mita nne za mraba ni karibu tani moja na nusu ambayo mhandisi hakuiweka kwenye mahesabu yake. Ongeza jakuzi lenye lita 300 za maji na wewe ndani. Tangu lile ghorofa lianguke Kariakoo Novemba 2024 sioni kwa nini mtu bado anabishana kuhusu hili, muite mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, michoro ipite, ndio kazi ianze.

Tena fleti hata ukiwa na hati yako, slabu na mabomba ya pamoja si vyako peke yako, sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inavihesabu ni mali ya wote, kwaiyo unahitaji na ridhaa ya umoja wa wamiliki. Mpangaji ndio kabisa, awe wa shirika la nyumba au wa mzee mwenye nyumba, omba ruhusa kwa maandishi. "Mzee alisema sawa" haitakusaidia siku mzee amefariki na watoto wanadai nyumba irudi ilivyokuwa.

Namna ya kuomba sio ngumu kama watu wanavyotishana. Anza kwa mtendaji wa mtaa au wa kata, mweleze kazi, atakwambia kama inaishia hapo au inapanda. Ikipanda unaenda halmashauri yako: Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni, au Jiji kama upo Ilala maana tangu 2021 Ilala ndio Jiji la Dar es Salaam. Beba nakala ya hati au barua ya ofa ya kiwanja, risiti ya kodi ya ardhi, ramani ya nyumba iliyopo na mchoro wa unachotaka kubadilisha. Maombi siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, hujui kompyuta mwombe kijana wako akufungulie akaunti. Walio maeneo yasiyopimwa wasikate tamaa, nenda na leseni ya makazi kama unayo na barua ya serikali ya mtaa, uulize wanakuhudumiaje.

Malipo yote ni kwa kontrol namba. Anayetaka umtumie kwenye namba yake ya simu "ili iende haraka" hakupi kibali, anakupa matumaini. Na kuna wanaosema mbona mimi kodi ya jengo nalipa kila mwezi kwenye LUKU, sasa kibali cha nini tena? Ile ni kodi dada yangu, inakatwa hata kama hujashika mwiko, haina uhusiano na ruhusa ya kujenga.

Kama umeshaanza na X imeshapigwa, usiipake rangi. Simamisha mafundi, piga picha kazi ilipofikia, nenda ofisi iliyoandikwa pale na makaratasi uliyonayo, uombe kurekebisha. Kuna faini, na wana uwezo wa kukuamuru ubomoe, ila aliyejipeleka mwenyewe akiwa na mchoro ana cha kuzungumza kuliko aliyesubiri waje mara ya pili. Ukishapata kibali toa kopi mbili, moja mwachie fundi akae nayo saiti, kwa sababu mkaguzi huwa anapita saa nne asubuhi ukiwa kazini.