Daraja Likigongwa na Meli: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, yapata saa saba na nusu, meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa takriban mita 300, ilizimikiwa umeme ikitoka bandari ya Baltimore nchini Marekani. Umeme ulirudi, ukakatika tena, na meli ikaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja lilianguka ndani ya sekunde chache. Mkondo wa meli ulifunguliwa wote tarehe 10 Juni, na daraja jipya linatarajiwa kukamilika mwaka 2030. Nimefuatilia yaliyowapata watu baada ya pale, na ninaona kwamba mengi yaliyowaokoa au kuwatesa yalikuwa yameshapangwa, au yameshapuuzwa, kabla meli haijang'oa nanga.

Nianze na walio juu ya daraja, kwa sababu hapo ndipo roho zilipopotea. Rubani wa bandari, yaani mwongoza meli aliyekuwa melini, alitoa taarifa ya dharura, na polisi wakafunga barabara pande zote mbili kwa muda unaokadiriwa kuwa dakika moja na nusu hivi. Madereva wengi wako hai leo kwa ajili ya agizo lile. Lakini katikati ya daraja kulikuwa na wafanyakazi saba wa usiku wakiziba mashimo ya lami, pamoja na mkaguzi mmoja. Askari mmoja alisikika redioni akisema kwamba mwenzake akifika, yeye atapanda juu kuwatoa. Hakuwahi. Watu sita walifariki, wote wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala, Honduras na El Salvador. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani, NTSB, ilieleza baadaye kwamba wangearifiwa wakati uleule polisi walipoambiwa wafunge barabara, huenda wangepata muda wa kuendesha hadi sehemu ambayo haikuanguka.

Kwa hiyo, kama wewe ni msimamizi wa kazi darajani au kwenye gati, swali la kwanza kabla ya zamu ni hili: taarifa ya hatari ikitoka melini, itamfikiaje fundi mwenye mashine inayopiga kelele mkononi? Kusema kwamba polisi wataarifiwa hakutoshi. Pawe na redio iliyowashwa kwenye masafa ya waongoza meli au ya askari wa daraja, na mtu mmoja ambaye kazi yake usiku huo ni kusikiliza tu. Pawe na honi ambayo kila mtu anaijua. Magari yaegeshwe yakielekea njia ya kutokea, na kila mmoja ajue ni upande upi ulio karibu na nchi kavu. Na kama wewe ndiye fundi, uliza. Mhamiaji anayehofia kupoteza kibarua mara nyingi hunyamaza. Mwajiri asingoje kuulizwa.

Wenye daraja nao wana la kufanya mapema. Mwaka 1980 daraja hilohilo liligongwa na meli nyingine ndogo zaidi na likapata madhara madogo tu. Meli zikakua, ulinzi wa nguzo ukabaki wa zamani. Mwezi Machi 2025 NTSB ilitaja madaraja 68 nchini humo ambayo wamiliki wake walipaswa kukokotoa upya hatari ya kugongwa, na ikasema hatari ya daraja la Key ilikuwa karibu mara 30 ya kiwango kinachokubalika. Mkazi wa jirani hawezi kujenga kinga ya zege kuzunguka nguzo, lakini anaweza kumwuliza diwani au mbunge wake hesabu hiyo ilifanywa lini, na kwa meli za ukubwa gani.

Kisha fikiria maisha ya kila siku bila daraja. Mjini Hobart, Australia, meli Lake Illawarra iliangusha sehemu ya daraja la Tasman tarehe 5 Januari 1975, na watu 12 wakafa. Wakazi wa upande wa mashariki walijikuta hospitali kubwa na ofisi nyingi ziko ng'ambo. Daraja lilifunguliwa tena Oktoba 1977. Mwenye mgonjwa wa kusafishwa figo, au mjamzito aliyekaribia, aijue mapema hospitali iliyo upande wake, na nakala za karatasi za matibabu ziwe nyumbani. Madereva wa malori waangalie pia kinachoruhusiwa kwenye njia mbadala: Baltimore ina njia za chini ya maji, lakini mizigo ya hatari hairuhusiwi humo, hivyo malori hayo yalilazimika kuzunguka jiji.

Sasa wenye mizigo, wakiwemo ndugu zetu wa ughaibuni wanaochangia kontena kutuma nyumbani. Hapa wengi huumia kwa kutojua. Baada ya ajali, wenye Dali walitangaza kwamba gharama za kuiokoa meli na shehena zitagawanywa kati ya meli na wote wenye mizigo ndani yake. Ni desturi ya kale ya bahari, na inaweza kukukuta hata kama mzigo wako haukupata mkwaruzo. Mzigo hauachiliwi mpaka utoe dhamana. Mwenye bima ya shehena, kampuni yake ya bima humwandikia dhamana hiyo. Asiye nayo huweka amana ya fedha taslimu na kungoja. Sheria hii haichagui bandari. Inakuhusu vilevile mzigo wako ukielekea Mombasa au Dar es Salaam. Kabla ya kulipa nauli ya kontena, mwulize wakala kama bima inagharamia mchango huo, na jina la nani liko kwenye hati. Mwulize pia nani atalipa lori iwapo meli itashusha mzigo bandari nyingine. Bandari ya Baltimore ilipofungwa, baadhi ya kampuni za meli zilishusha makontena kwingine na kuwaachia wateja gharama zilizobaki.

Mabaharia wasisahauliwe. Wale 21 wa Dali walibaki melini kwa wiki nyingi, na simu zao zilichukuliwa na wachunguzi, hata kuingia kwenye akaunti za benki kukawa shida. Baharia anayeondoka aandike namba muhimu kwenye daftari, na amwachie mtu wa nyumbani uwezo halali wa kulipa ada na kodi ya nyumba.

Wafanyakazi wa bandari nao, siku meli zinapoacha kuingia, mshahara hukatika mara moja. Hati za malipo ya miezi iliyopita zitunzwe, kwa kuwa msaada wa serikali, ukija, utadai ushahidi.

Ndivyo ilivyo hata kwa fidia. Siku sita tu baada ya ajali, wenye meli walikwenda mahakamani kuomba wajibu wao uwekewe kikomo cha takriban dola milioni 43.7, na mahakama ikaweka 24 Septemba 2024 kuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha madai. Mwenye duka aliyekosa wateja alihitaji vitabu vya mauzo ya kabla ya Machi ili kuonyesha hasara yake. Anza kuviandika vyako sasa, kwa tarehe, na nakala uziweke mahali tofauti na dukani.